Mwanangu alijifunzia wapi maneno yale?

Msomaji mpendwa, huenda nawe unaye kijana wa aina hii nyumbani. Akimaliza chakula cha jioni hujifungia chumbani, akavaa hedifoni na kuwasha kompyuta, kisha humsikia hadi usiku wa manane akicheka na kubishana na watu usiowaona. Ukimwuliza anafanya nini, hukujibu kwa neno moja tu: "Nacheza."

Nami nililiamini jibu hilo. Utotoni mwangu tulicheza bao chini ya mti na kandanda kwa mpira wa makaratasi, na giza lilipoingia kila mtu alirudi kwao. Sikujua kwamba michezo ya siku hizi haina machweo, wala kwamba wachezaji huendelea kuzungumza saa nyingi baada ya mchezo wenyewe kwisha.

Usiku mmoja wa Ijumaa nilipokuwa nikipita mlangoni pake, nilimsikia akimfokea mwenzake aliyewaponza katika mchezo wa vita. Hakumwita mzembe. Alimtaja kwa kabila lake, kisha akaongeza maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Nilifungua mlango bila kubisha, nikaung'oa waya ukutani na kuanza kufoka. Ni nani aliyemfunza maneno yale? Ni hao wahuni wa mtandaoni?

Kijana alinitazama kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, hayo ni maneno yako. Wewe huyasema ukitazama habari."

Msomaji, sikuwa na jibu. Mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, hakunitetea.

Tangu usiku ule nimejitahidi kuielewa dunia hiyo, na kijana ndiye mwalimu wangu. Nilichogundua ni kwamba tunachokiita mchezo ni baraza pia. Vijana hukutana humo wakazungumza juu ya mabao na risasi, lakini huzungumza pia juu ya ajira, serikali, wanawake na makabila.

Chukua mfano wa Discord, iliyozinduliwa Marekani mwaka 2015 ili wacheza gemu waweze kusemezana wakiwa mchezoni. Mwezi Septemba 2025 serikali ya Nepal ilifunga mitandao 26 ya kijamii. Vijana, ambao tayari walikuwa wamechoshwa na ufisadi, walimiminika barabarani tarehe 8, na watu 19 wakauawa siku hiyo. Kesho yake waziri mkuu, K.P. Sharma Oli, alijiuzulu. Je, vijana wale walikutania wapi kushauriana? Katika ukumbi wa Discord wenye zaidi ya watu 100,000! Humo walijadili majina na kupiga kura, na jina lililoibuka mshindi likawa la Sushila Karki, aliyepata kuwa jaji mkuu. Baada ya mazungumzo baina ya wawakilishi wa vijana, rais na mkuu wa jeshi, mama huyo aliapishwa tarehe 12 kuwa waziri mkuu wa muda, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini humo. Ni kweli kwamba kura ile haikuwa uchaguzi, kwani hakuna aliyekaguliwa kitambulisho. Hata hivyo, ni nani angedhani kwamba ukumbi wa wacheza gemu ungesikika hadi ikulu?

Lakini baraza hilo lina upande wake mchungu. Mwaka 2014 kulizuka miongoni mwa wacheza gemu, hasa nchini Marekani, mzozo ulioitwa Gamergate. Wafuasi wake walidai kwamba wanatetea maadili katika uandishi wa habari za michezo hiyo. Waliokiona cha moto, hata hivyo, ni wanawake waliounda michezo au kuihakiki, ambao walitukanwa na kutishiwa maisha. Mwezi Oktoba mwaka huo Anita Sarkeesian, mhakiki aliyekosoa jinsi wanawake wanavyoonyeshwa katika michezo ya video, alifuta hotuba yake katika chuo kikuu kimoja jimboni Utah baada ya mtu asiyejitaja jina kutishia kufanya mauaji ya halaiki pale.

Nasi Wakenya tunazo pande zote mbili. Mwezi Juni 2024 vijana wetu waliupinga Mswada wa Fedha katika TikTok na X, kisha wakaingia barabarani wakisema kwamba hawana kabila. Tarehe 5 Julai Rais William Ruto mwenyewe aliingia katika mjadala wa sauti wa X ili kuwajibu. Mwanangu aliusikiliza mjadala ule kwa hedifoni zile zile. Kulikoni basi kijana aliyejivunia kutokuwa na kabila amtukane mwenzake kwa kabila lake kwa sababu ya kushindwa mchezo? La kwanza alijifunza kwa wenzake. La pili, kwa aibu yangu, alilipata sebuleni.

Sisi tulioshuhudia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambamo zaidi ya watu 1,000 waliuawa, tunajua kwamba maneno ya aina hii huanza kama mzaha. Nilijua hilo, na bado niliyasema mbele ya watoto.

Asubuhi ya pili niliurudisha waya, nikakiri kosa langu mbele ya watoto wote. Kijana naye alirudi kule akamwomba radhi mwenzake. Mwenzake hakujibu, na wiki mbili zilipita kabla hajarudi kucheza nao. Siku hizi kila Jumamosi jioni huvuta kiti nikakaa naye kwa saa moja. Hunifunga mabao matano bila jibu, huku wenzake wakinicheka kutoka Kisumu, Thika na Mombasa. Lakini nawajua sasa kwa sauti zao, nao wananiita mzee.

Mzazi mwenzangu, sikuambii umwachie mwanao acheze hadi alfajiri, la hasha! Masomo na usingizi vina saa zake. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujaung'oa waya, sikiliza kwanza kinachosemwa. Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, kumbuka kwamba aliye upande wa pili wa hedifoni ana mama na ana kwao.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni ya leo, taarifa ya habari ya saa moja itakapoanza na ulimi ukakuwasha, mtazame kwanza aliyeketi karibu nawe.