Paa Nililolifukuzia Sukuma Wiki

Je, umewahi kuamka usiku wa manane ukadhani kuna mtu amewasha jiko juu ya dari yako? Mimi naishi orofa ya mwisho ya ploti moja hapa Nairobi. Juu yangu hakuna kitu ila paa la saruji, tangi za maji na kamba za kuanikia nguo. Ifikapo Januari, kitinda mimba wangu huburuta godoro lake na kulala karibu na mlango.

Zamani haikuwa hivyo. Jirani yangu, mama mjane, alipanda sukuma wiki katika magunia ya udongo kwenye paa hilo, akawauzia wapangaji. Mwaka juzi, nikiwa mwenyekiti wa kamati yetu, nilimwamuru ayaondoe, eti maji yanachafua ukuta.

"Sawa, Baba Achieng', mwenyekiti ni wewe," akanijibu, akayashusha.

Likizo ya Desemba, Achieng', aliye kidato cha tatu, alikuja na vipimajoto viwili vya mwalimu wake. Kimoja alikilaza juu ya saruji, kingine akakichomeka katika gunia moja lililosahaulika chini ya tangi linalovuja. Saa nane mchana saruji ilikuwa nyuzi 46, udongo 29. Saa nne usiku hewa ilikuwa imeshuka hadi 18, lakini saruji bado ilikuwa 27.

"Baba, ni hesabu tu, kama ya duka," akanieleza. Jua la adhuhuri, mbingu zikiwa wazi, hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita mraba. Sehemu ya joto hilo hurudi angani. Linalobaki lina njia tatu: kupasha hewa, kugeuza maji kuwa mvuke, au kuingia ndani ya saruji. Lita moja tu ya maji ikiwa mvuke huondoka na joto ambalo birika la stima la wati 2,000 lingetoa kwa dakika 20. Pasipo na maji, njia hiyo imefungwa. Saruji huweka joto akiba mchana, kisha usiku hulitoa.

Si mchezo wa watoto huu. Mwaka 1993, watafiti wakiwa na Tim Oke wa Kanada walipima hesabu hiyohiyo juu ya mapaa ya Mexico City, jiji lililo juu milimani kama letu. Ilikuwa msimu wa kiangazi. Mchana, zaidi ya nusu ya joto lililobaki liliingia katika majengo na ardhi. Mvuke ulichukua chini ya asilimia 5.

Basi mchimba kisima nilikuwa nimeingia mwenyewe, tena na mwanangu.

Jumamosi nilibisha mlango wa yule mama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakanipotea yote. Nikasema, "Mama, nilikukosea."

Alinitazama kwa muda. "Magunia yalioza," akasema. "Lakini udongo upo, na ngazi unazijua."

Tulipandisha magunia sita siku hiyo, na chini ya kila moja nikaweka karai kuukuu la kukinga maji. Paa ni kubwa, na mwanangu bado analala karibu na mlango. Msomaji, ukipewa cheo cha kamati, uliza kwanza kabla ya kuamuru.