Dawa ya Kichina Bila Hospitali Yake

Mtanzania anayesumbuliwa na sainasi akifika Guangzhou hakosi mwenzake wa kumshauri ajaribu dawa za Kichina. Akirudi likizo Dar es Salaam anakuta ushauri uleule: kliniki za Wachina zipo, na pakiti za majani, mafuta na matone ya pua zinauzwa mpaka vibandani. Jina la tiba ni moja, lakini anachopewa mgonjwa huku na kule hakifanani. Mimi naona kwamba kitu cha kuiga kwa Wachina ni utaratibu unaoizunguka dawa yao, na huo utaratibu ndio tunaouacha bandarini tunapoagiza pakiti.

Hospitali kubwa za tiba ya jadi nchini China, kama ile ya mkoa wa Guangdong iliyoanzishwa mwaka 1933, zina maabara na mashine za CT kama hospitali nyingine yoyote. Daktari wake amesoma chuo kikuu miaka mitano au zaidi. Anauliza rangi ya kamasi na saa ambazo kichwa huuma, anatazama ulimi, anashika mapigo mikono yote miwili. Akihisi kuna vinyama puani, mgonjwa anapelekwa kwenye kipimo. Dawa ya kuchemsha huandikwa jina kwa jina, gramu kwa gramu. Mchanganyiko maarufu wa pua, Cang Er Zi San, uliandikwa kitabuni tangu mwaka 1253, na una vitu vinne tu, kimojawapo mnanaa. Lakini cang er zi yenyewe, kiungo kilichoupa mchanganyiko huo jina, ikiwa mbichi ina sumu inayoharibu ini. Ndiyo maana hukaangwa kwanza, na kipimo rasmi ni gramu 3 hadi 10 kwa siku. Wala mgonjwa anayechomwa sindano za tiba hiyo ya jadi pembeni mwa pua hazuiwi kutumia dawa ya kisasa ya kupuliza puani.

Kwetu pakiti hiyohiyo inaweza kufika na maandishi ya Kichina matupu. Muuzaji hajui kilichomo, mnunuzi hana faili, na dawa ikimdhuru hakuna wa kumuuliza. Matone yanayofungua pua papo hapo ndiyo yanayosifiwa zaidi, ilhali matone ya kubana mishipa yakitumika zaidi ya wiki moja hivi, pua huziba kuliko mwanzo. Asiyeamini Wachina hununua amoksilini duka la dawa, ingawa sainasi ya miezi mitatu na kuendelea mara nyingi ni uvimbe ambao antibayotiki haiutibu. Wengine hujifukiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 871 nchini Uingereza, ulionyesha kuwa mvuke ulipunguza maumivu ya kichwa tu, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi ndiko kulikoleta nafuu, japo ya wastani. Maji hayo, yachemshwe na kupozwa kwanza, ni rahisi kuliko pakiti yoyote.

Kuna atakayesema dawa iliyotumika karne nyingi haihitaji kuthibitishwa. Lakini huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo kwa mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene, kwa sababu mmea mmoja ulichukua nafasi ya mwingine. Umri wa dawa haukuwaokoa. Mwingine atasema basi yote ni utapeli. Huyo naye akumbuke dawa mseto ya malaria: artemisinini ilitokana na mmea wa tiba ya Kichina, na Tu Youyou akapata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Ilikubalika duniani baada ya kutolewa kwenye majani, kupimwa na kujaribiwa kwa wagonjwa. Mitishamba ya sainasi haijafika hapo. Majaribio yapo mengi, ila mengi ni madogo na dhaifu. Ushuhuda wa mtu aliyepona nao una kasoro, maana ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama: mwananchi wa kawaida hana pesa ya CT. Kweli, lakini sehemu kubwa ya utaratibu huu haihitaji mashine. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, tuna Baraza lake, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kina taasisi ya kuchunguza dawa za asili. Kudai lebo ya Kiswahili yenye majina na gramu hakuhitaji mkopo. Kuweka faili la mgonjwa ni daftari na kalamu. Na kila kliniki, ya Mchina au ya mganga wetu, ijue wa kupelekwa hospitali: mwenye usaha wenye harufu upande mmoja wa pua, ambao huenda unatoka kwenye jino bovu, na mwenye jicho lililovimba, ambaye hatakiwi kusubiri hata siku moja. Asiyeweza kueleza kilichomo ndani ya pakiti yake asiruhusiwe kuiuza.