Koki Imefungwa

Nilifundisha Kiswahili na Jiografia kwa miaka 34. Katika usomaji wa ramani niliwasisitizia wanafunzi waanze na ufunguo, kwani asiyejua alama ina maana gani huitazama ramani kama atazamaye picha ukutani. Sikudhani kwamba baada ya kustaafu ningerudishwa kwenye somo hilo na mpwa wangu.

Binti huyo ni fundi sanifu katika kampuni inayosambaza gesi asilia majumbani jijini Dar es Salaam. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kufika jijini kwa bomba mwaka 2004. Siku hizi mabomba membamba yameingia hadi mitaani, yamefukiwa, na hakuna ayaonaye isipokuwa mwenye ramani.

Jioni moja alinijia na kompyuta mpakato.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kuomba maneno."

"Marahaba, mwanangu. Maneno ya kazi gani?"

Akanifungulia programu ya ramani iitwayo QGIS. Ramani yake imepangwa kwa matabaka: mabomba tabaka moja, koki tabaka la pili, mita za wateja la tatu. Kila tabaka lina jedwali lake: aina, kipenyo, mwaka, hali. Vichwa vya safu vilikuwa vifupisho vya Kiingereza, na mafundi wa mtaani walivijaza kwa kubahatisha. Programu inaruhusu jina la ndani libaki lilivyo, huku mtumiaji akionyeshwa jina jingine na orodha ya majibu ya kuchagua. Hayo ndiyo maneno aliyoyataka.

Nikashika kalamu kwa fahari. Koki nikaiita "kilango cha gesi."

Akatabasamu. "Mjomba, fundi akiambiwa usiku akafunge kilango, atatafuta mlango."

Nikafuta. Koki ikabaki koki.

Kwenye safu ya hali nikaandika majibu mawili: "imefunguliwa" na "imefungwa." Sikuona dosari. Mpwa wangu akampigia simu fundi mmoja mzoefu, akamwuliza koki za mtaa fulani zina hali gani.

"Zimefungwa zote," akajibu. "Nilizifunga mwenyewe mwaka jana."

Tukatazamana. Saa hiyo hiyo wakazi wa mtaa ule walikuwa wakipikia gesi. Wala fundi hakusema uongo. Kwetu, kufunga mlango ni kuzuia njia, na kufunga mita ni kuiweka mahali pake ianze kazi. Kadhalika kufungua: waweza kufungua koki ili gesi ipite, na waweza kufungua mita ukaondoka nayo. Nilifikiria siku ambayo mchimba barabara atatoboa bomba, na mtu ofisini asome "imefungwa," aamini kwamba gesi imekwisha kuzuiwa, kisha awaruhusu wenzake wasogee.

Sisi watu wa mashairi hufurahia neno la namna hiyo. Nimewapa wanafunzi alama za juu kwa kuweka maana mbili katika kituo kimoja, na leo nikirudi darasani nitawapa tena. Lakini msomaji wa shairi ana muda wa kulirudia. Fundi aliyeamshwa usiku wa manane hana.

Tukafuta majibu yote mawili. Badala yake tukaandika "gesi inapita" na "gesi haipiti," na katika safu ya pembeni, "mwaka wa kuwekwa." Mpwa wangu akapiga simu tena, akauliza upya.

"Inapita," fundi akajibu, kama anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi.

Ninalo daftari la istilahi nilizobuni kwa miaka mingi. "Kilango cha gesi" nimekikata kwa mstari, na chini yake nimeandika "gesi haipiti." Ina mizani sita tu, haitoshi hata kipande cha shairi, nami nimeiacha hivyo.