Nani Aliichagua Rangi Hii?

Kuna ukurasa mmoja katika riwaya ya The Color Purple ambao nimeusoma na vikundi vingi vya wanafunzi, na kila mara darasa hutulia papo hapo. Celie, msichana mweusi wa kusini mwa Marekani, ameozwa kwa mwanamume mwenye watoto wengi, ambaye katika barua zake anamtaja kwa neno Bwana na kistari kitupu mbele yake. Nguo za Celie zimechakaa. Wifi yake anaona aibu kwa niaba ya kaka yake, anampeleka dukani wakatafute kitambaa cha gauni. Celie hajawahi kuulizwa anapenda nini. Anajaribu kuwaza angevaa nini Shug Avery, mwimbaji anayemjua kwa picha tu, na kinachomjia ni zambarau, labda yenye wekundu kidogo. Zambarau haipo. Nyekundu ipo tele, lakini wifi anakataa: kaka yake hatatoa pesa kwa rangi yenye furaha namna hiyo. Zimebaki hudhurungi, damu ya mzee na buluu iliyokoza. Celie anachukua buluu.

Alice Walker, aliyeichapisha riwaya hiyo mwaka 1982, haongezi maelezo. Hasemi kwamba buluu ni rangi ya majonzi. Gauni lile ni chaguo la mwisho la mwanamke asiye na senti yake mwenyewe, na kwa mistari michache tumeshawajua watu watatu. Celie ana jicho la kuona uzuri, ila hana ruhusa ya kuununua. Wifi ni mwema, lakini wema wake una mpaka kwa sababu anaujua mkono wa kaka yake. Na mume, ambaye hata dukani hakufika, ndiye anayeonekana kuliko wote: kwake yeye furaha ya mke ni matumizi yasiyo ya lazima.

Nafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wananijia na vijitabu vya mwongozo ambamo rangi zimepangwa kama bei za bidhaa: nyeupe ni usafi wa moyo, nyekundu ni hatari au mapenzi, nyeusi ni msiba, kijani ni uhai. Orodha ile inampa mtu alama mbili tatu za mtihani, wala siwakatazi kuikariri. Lakini ukiingia nayo katika riwaya nzuri, utatoka mikono mitupu. Mimi huwaomba waiache mlangoni, waingie na maswali. Rangi hii nani aliichagua? Nani aliilipia? Nani aliikataza? Na mhusika akiivua, atavaa nini?

Mchukue Hester Prynne wa Nathaniel Hawthorne, katika riwaya ya mwaka 1850. Wapuritani wa Boston wamemhukumu kuvaa herufi A nyekundu kifuani kwa kosa la uzinzi. Rangi imechaguliwa na wakubwa wa mji, wekundu usioweza kufichika. Hester anaitarizi kwa uzi wa dhahabu, kwa ufundi uliowakera wanawake waliokuja kumshuhudia akifedheheshwa. Amri ni yao, mkono wa kushona ni wake, na ukitaka kumjua Hester tazama mshono. Mchungaji aliyezaa naye mtoto anapita katika joho lake jeusi la heshima, na hakuna aliyemshonea chochote.

Anayenikaa moyoni zaidi, hata hivyo, ni Janie wa Zora Neale Hurston. Riwaya yenyewe ni Their Eyes Were Watching God, ya mwaka 1937. Janie ameolewa na Joe Starks, meya na mwenye duka katika mji wa Eatonville, Florida. Joe ni mtu wa maneno makubwa na wivu mkubwa. Amemlazimisha mkewe kufunga kitambaa kichwani ili wateja wasizione nywele zake. Joe anafariki. Janie anavaa nguo za msiba mbele ya watu kama inavyotakiwa, halafu usiku uleule, kabla ya kulala, anavitia moto vile vitambaa vyote. Baadaye anatokea Tea Cake, kijana mchangamfu aliyempita Janie kwa ufukara na kupitwa naye kwa umri, na Janie anaanza kuonekana na nguo za buluu. Mji unachemka. Rafiki yake Pheoby anamwendea, anamweleza kwa upole kwamba watu wanaona ameziacha nguo za msiba mapema mno.

Jibu la Janie ndilo lililonifundisha kusoma rangi. Anamwambia shoga yake kwamba marehemu, katika maisha yake yote, hakuwahi kumchagulia rangi hata moja. Nyeusi na nyeupe za msiba zilichaguliwa na walimwengu. Joe hahusiki nazo. Tea Cake anampenda akiwa na buluu, basi anaivaa buluu. Kwa maneno hayo machache ndoa nzima imefunguliwa mbele yetu. Joe alikuwa na maoni juu ya kila kitu cha mkewe, hata nywele. Kitu kimoja tu hakuwahi kukifanya, nacho ni kumtazama akajiuliza rangi gani inampendeza.

Na Tea Cake naye anapokufa, Janie anakwenda kumzika na ovaroli ya shambani. Huzuni imemjaa kiasi kwamba hakumbuki kuivalia. Anarudi Eatonville na ovaroli hiyohiyo, na watu wa barazani wanaulizana: lile gauni la satini la buluu aliloondokea liko wapi? Wanadhani wameshaipata habari yote.

Nimewahi kuwasikia watu wa baraza hiyo kwa masikio yangu, tena kwa Kiswahili. Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja aliyefiwa na mumewe, mwanamume mkimya, fundi wa baiskeli. Akakaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi. Siku chache baada ya kutoka nilimkuta duka la kanga, nilikokuwa nimekwenda kumnunulia mke wangu doti. Muuzaji, kwa adabu ya biashara, akamtandazia kanga za rangi zilizopoa: kijivu, buluu ya kufifia, zambarau iliyochujuka.

"Hizi zitakufaa, mama."

"Hizo mwekee mama yako. Nipe ile ya manjano, hapo juu."

Ilikuwa manjano ya kuumiza macho. Wanawake wawili waliokuwa wakipapasa mitandio wakatazamana. Mmoja akanong'ona, si kwa sauti ya chini sana, kwamba kaburi halijakauka bado. Yule mama akazifungua kanga, akatazama pindo, akalisoma jina, akazikunja. Ndipo akamwambia muuzaji, bila kuwageukia wale wawili: "Kila Idi marehemu alikuwa akininunulia ya manjano. Idi imekaribia. Mwaka huu atanunua nani?" Akalipa, akatoka.

Kwa orodha ya vijitabu, mjane aliyevaa manjano amesahau. Kwa swali la nani aliichagua, mjane huyu alikuwa amevaa msiba kuliko angevaa nyeusi. Tangu hapo nimekuwa mzito kuhukumu mavazi ya mtu, na nakiri kwamba uzito huo nimeupata zaidi vitabuni kuliko kwenye mawaidha.

Sisi watu wa pwani, kwa kweli, tusingehitaji kufundishwa haya na Wamarekani. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na kaniki, kitambaa cha buluu iliyokoza mpaka kukaribia weusi, vazi la watumwa na mafukara. Utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakijifunga kaniki walizidi kuiacha na kushika kanga za rangi na maua. Mwanamke aliyefanya hivyo alikuwa ametangaza hali yake mpya bila kupiga mbiu, na waliokuwa mabwana zake waliuelewa ujumbe vizuri mno. Mwandishi anayesimulia zama hizo anaweza kubadilisha maisha ya mhusika kwa kumbadilishia shuka. Kaniki hiyohiyo ukiitaja katika hadithi ya leo, msomaji anamngojea mganga atokeze. Kitambaa hakikubadilika, aliyekivaa na aliyemlazimisha kukivaa ndio waliobadilika.

Na kisutu je? Kanga ya bibi harusi, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa mujibu wa mwongozo, binti aliyejifunga kisutu yuko hatarini, yuko msibani, na ana moyo safi, yote kwa wakati mmoja. Ukiwauliza wanawake walioolewa, pengine watakwambia mwongozo haukukosea sana.

Katika riwaya zetu za Kiswahili kazi hii ya kumfichua mhusika imefanywa zaidi na majina kuliko rangi. Shaaban Robert hakuhitaji kumvika mtu nguo yoyote ili tumjue: katika Kusadikika anayeshitaki ni Majivuno na anayeshitakiwa ni Karama, na kabla hawajafungua kinywa tumeshachagua upande. Naupenda mtindo ule. Lakini una gharama yake, kwamba Majivuno hawezi kulivua jina lake. Rangi huvuliwa. Celie yule wa gauni la buluu baadaye anajifunza kushona suruali kwa riziki yake mwenyewe, na suruali anayomshonea Sofia, mkamwana wa nyumba ile asiyekubali kupigwa, ina mguu mmoja wa zambarau na mwingine mwekundu. Ni rangi zilezile mbili alizonyimwa dukani. Walker hasimami kutukumbusha; amemwachia msomaji aliyekuwa makini.

Pale ambapo waandishi wetu wanatumia rangi sana ni kwenye ngozi, na hapo nina ugomvi nao. Fungua riwaya pendwa yoyote ya vibandani: mrembo ni mweupe, au akipunguziwa sana ni wa maji ya kunde, jambazi ni mweusi tii. Hiyo ni orodha ileile ya vijitabu, safari hii imebandikwa kwenye miili ya watu. Haitufichulii tabia ya mhusika hata kidogo. Inamfichua mwandishi. Binti anayejichubua kwa mkorogo angekuwa mhusika mzito, kama mwandishi angetuonyesha nani alimwambia kwanza kwamba rangi yake haitoshi, na kopo la kwanza lilinunuliwa kwa pesa ya nani.

Usidhani pia kwamba kujichagulia rangi ndio uhuru, kwamba anayechaguliwa ni mtumwa na anayejichagulia ni bwana. Jay Gatsby, katika riwaya ya F. Scott Fitzgerald ya mwaka 1925, anajichagulia kila kitu. Siku ya kukutana tena na Daisy, mwanamke aliyempoteza, anavaa suti nyeupe, shati la rangi ya fedha na tai ya rangi ya dhahabu. Daisy naye huvaa nyeupe, lakini nyeupe yake ni ya mtu aliyezaliwa katika nyumba yenye watu wa kumfulia. Ya Gatsby ina jasho. Tom, mume wa Daisy, akisikia kwamba Gatsby alisoma Oxford anacheka: mtu mwenye suti ya waridi! Tom ni mkatili na ana upumbavu mwingi, ila amezaliwa tajiri, na anajua rangi ambazo matajiri wenzake hawavai. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Gatsby hakuazima, alilipa taslimu, na bado haikumsitiri, kwa sababu kila rangi aliyovaa aliichagua kwa macho ya watu wengine.

Ndiyo maana maswali yangu manne hayampi mtu jibu la haraka, na wanafunzi wanalalamika. Wanataka kujua nyeupe ni nini. Nawaambia nyeupe ya Daisy ni nini, ya Janie msibani ni nini, ya shati la sare walilovaa wao wenyewe ni nini, lililochaguliwa na shule, likanunuliwa na mjomba aliyeuza mbuzi, likafuliwa na dada mdogo ambaye hakupata nafasi ya kusoma. Hapo kalamu zinaanza kutembea.

Kwenu nyinyi vijana mnaoniletea miswada, nina ombi moja. Mhusika wako akiingia na gauni jekundu, usiniambie kwamba ana mapenzi au ana hatari. Niambie alilipata wapi, shilingi ngapi, na nani alinuna alipoliona. Ukishindwa kujibu, bado hujamjua mhusika wako. Rudi ukakae naye kwanza, kisha uniletee mswada.