Moyo wa Bluu Uliomponza Mtu

Kuna mdada mmoja wa Sinza alivishwa kidani chenye jiwe la bluu, umbo la moyo. Jamaa akaapa ni tanzanite, lile jiwe lililogunduliwa mwaka 1967 na linalochimbwa Mererani tu dunia nzima. Kumbe! Sonara kulimulika, ndani vipovu vya hewa. Kioo. Kilichomuuma ni kile kiapo, maana kioo chenyewe kilikuwa kizuri na bado anakivaa kazini. Jamaa ndo haongeleshwi.

Sasa hivi kwenye mawe humdanganyi. Kwanza analishika: kwatsi huchelewa kupata joto la mkono, kioo hupata chap. Kisha anakagua ncha ya chini, ndipo moyo unapomeguka kirahisi, na anataka kucha ya fedha ya umbo la V iikumbatie. Tanzanite ni ya shingoni au masikioni. Pete ya kila siku hapana, mkono unagonga kila kitu na jiwe hilo halitaki kugongwa.

Sebuleni ana moyo wa rozi kwatsi, mkubwa kama ngumi, juu ya vitabu viwili, peke yake. Dirishani hauwekwi, jua la Dar linaweza kuifuta ile pinki. Chumbani pembeni ya taa kuna wa selenaiti, mweupe, unafutwa kwa kitambaa kikavu tu. Maji yanauharibu, hata ukucha unauchubua. Mgeni akinyoosha mkono anawahiwa: “Shosti, angalia kwa macho!”