Mama Anajifunza Kupanda Punda

Kiswahili hakijamtendea haki punda. Punda afe mzigo ufike. Shukrani ya punda ni mateke. Mtu mbishi tunamwita punda, na anayetumikishwa bila kulalamika naye ni punda. Hapa Mabibo ninapoishi, kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, sijawahi kumwona punda hata mmoja, lakini jina lake nalisikia kila nikipita. Vijana wa mikokoteni wanaitana hivyo huku wakisukuma mikungu kwenye matope, jasho linawatiririka, na wote wanacheka.

Mimi nina punda. Yeye yuko kijijini kwetu, wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, nami niko Mabibo tangu nilipomaliza Chuo Kikuu. Tulimnunua mwaka jana, mimi na kaka yangu, kwa laki tatu na nusu. Alifika nyumbani usiku, ndiyo maana mpwa wangu akampa jina la Chausiku. Sababu ya kumnunua ilikuwa goti la Mama. Kisima kiko mbali, na zahanati ni kilomita sita. Bodaboda zipo, ila Mama anasema barabara ile na goti lile havipatani. Kila shimo analisikia mpaka kwenye meno.

Suala la maji alilikubali siku ileile. Shida ilikuwa kupanda.

"Maji sawa," aliniambia kwenye simu. "Lakini mimi nipandishwe juu ya punda kama gunia la mahindi? Mwanangu, watu watasema nini?"

Kwetu wanaopanda punda ni watoto wanaorudi kisimani. Mama mtu mzima, mshona vitenge, mjumbe wa umoja wa akina mama kanisani, hapandi. Pwani mambo ni tofauti. Lamu, kwenye vichochoro visivyopitisha gari, punda ndiye usafiri, na mashindano ya kupanda punda ni sehemu ya sikukuu. Salme binti Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi watoto wa Sultani walivyofundishwa kupanda tangu wadogo, na jinsi punda weupe wa Maskati walivyokuwa wanyama wa heshima. Nilimsimulia Mama yote haya, nikitumaini binti wa mfalme atamshawishi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wale walikuwa na watumwa wa kuwashika," akasema.

Nikachukua likizo ya wiki mbili, nikapanda treni hadi Dodoma, na kutoka hapo basi. Mwalimu wetu alikuwa mtoto wa jirani, miaka kumi na tatu, aliyekulia mgongoni mwa punda wa baba yake. Siku tatu za kwanza hakuturuhusu kupanda. Kazi ilikuwa kumjua mnyama. Asubuhi maji kwanza, tena kwenye ndoo iliyosuguliwa, maana punda anaweza kukaa na kiu akiyakataa maji machafu. Kisha kwato: unainua mguu mmoja mmoja, unatoa kokoto na samadi kwa kijiti butu. Halafu unapitisha kiganja mgongoni kutafuta kidonda au joto. Punda haoneshi maumivu haraka. Ukisubiri achechemee, umechelewa.

Tandiko tulilishona wenyewe, mifuko miwili ya magunia iliyojazwa majani makavu, katikati tukaacha nafasi ili uzito usikae juu ya uti wa mgongo. Majirani hubebesha madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji. Bwana mifugo alimtazama Chausiku, akasema yeye ni mdogo, abebe mawili. Mama aliafiki bila ubishi. Anajua mgongo unaozidiwa unavyokuwa.

Siku ya nne nikapanda mimi. Tulifika kwenye korongo dogo Chausiku akagoma. Nikamvuta hatamu.

"Anti, usimvute," mwalimu akasema. "Anaangalia. Msubiri."

Tukasubiri. Akainamisha kichwa, akanusa mchanga, masikio yakageuka huku na huku, kisha akavuka mwenyewe. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama akafikiri. Wazee wake ni punda mwitu wa Afrika, ambao mabaki yao bado yapo Ethiopia na Eritrea, kwenye nchi ya mawe ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kwamba punda alianza kufugwa upande huu wa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Ni mwenzetu wa siku nyingi, na tahadhari yake ndiyo tuliyoipa jina la ubishi.

Mama alikuwa akitutazama kila siku akiwa kwenye kigoda chake, kimya. Siku ya tisa, baada ya sala ya jioni, akaniuliza, "Yesu aliingia Yerusalemu juu ya nini?" Sikujibu, maana halikuwa swali. "Kesho basi. Kabla watu hawajaamka."

Alipandia kwenye kichuguu. Kijana alishika kamba, mimi nikasimama ubavuni.

"Usinishike kama mgonjwa!"

Nikaachia. Wakauzunguka mbuyu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu Mama alikuwa amenyoosha mgongo, kitenge kimefungwa vizuri, anaongea na Chausiku kwa Kigogo, maneno ambayo sisi alikuwa akitubembelezea tukiwa wadogo.

Kinachoninyima usingizi Mabibo ni ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya asili ya Kichina, na hamu ya dawa hiyo imewamaliza punda wengi Afrika. Kwetu palikuwa na machinjio mawili yenye leseni, Dodoma na Shinyanga, kabla Serikali haijazuia uchinjaji huo. Desemba 2022 mkutano wa Afrika kuhusu punda ulifanyika hapahapa Dar es Salaam, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Azimio limeandikwa Addis Ababa. Zizi la Mama ni la miti na waya.

Mfanyabiashara mmoja alishapita akataja bei kubwa kuliko tuliyonunulia. "Nimuuze halafu nipande nini?" Mama alimjibu. Sasa Chausiku analala ukutani mwa chumba chake. Kliniki anakwenda naye, ingawa bado wanapita njia ya nyuma, isiyogusa kanisa.

Juzi usiku mtu aliingia zizini. Mama alisikia kishindo, kisha ukelele wa mwanaume, kisha miguu ikikimbia. Aliponipigia asubuhi nilimtania kwamba methali imetimia, shukrani ya punda ni mateke.

"Kashikwa kwa nyuma gizani na mtu asiyemjua," akasema. "Sasa ulitaka ashukuru?"