Sentimita Tatu Juu ya Maji

Kila mwaka, majuma machache kabla ya masika, mafundi wa magari wa Gerezani na Ilala hupata wateja wa aina moja. Wateja hawa hawaji kwa sababu gari limeharibika. Gari ni zima, breki zinashika, injini haina kelele. Wanachotaka ni gari liwe refu kuliko lilivyotoka kiwandani. Kwa lugha ya mtaani jambo hili huitwa kunyanyua gari, na mwaka huu nami nilikuwa miongoni mwa walionyanyua.

Naishi Kariakoo, katika mojawapo ya nyumba chache za chini ambazo bado hazijageuzwa ghorofa, na nafundisha Mlimani. Njia yangu ni Barabara ya Morogoro, nayo hupita Jangwani, mahali ambapo Mto Msimbazi uliotokea vilima vya Pugu hutanuka kabla ya kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua ikinyesha usiku huko juu Kisarawe, asubuhi Jangwani huweza kufungwa hata kama Kariakoo halijadondoka tone. Hapo mji mzima hugeukia Kigogo au Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na mwalimu mwenye kipindi saa mbili hufika saa nne. Waliokuwapo Desemba 2011 hawahitaji kusimuliwa zaidi: makumi ya watu walikufa katika mafuriko yale, na manusura wengi wakapelekwa Mabwepande. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale bondeni, na maji yameifuata mara kadhaa.

Gari langu ni Toyota Harrier ya toleo la pili, ile ambayo vijana wa mjini wameibatiza jina linalohusu kiungo cha nyani. Wasomaji wa Dar es Salaam wanalijua, nami nawaachia walitamke wenyewe. Lina umbo la gari la porini na tumbo la gari la lami. Kwa Kariakoo yenye mashimo, mifuniko ya mitaro iliyopotea na matuta yaliyojengwa na kila mwenye saruji, tumbo hilo hugusa chini mara nyingi kuliko moyo wa mwenye gari unavyoweza kuvumilia.

Nilikwenda Gerezani kwa miguu, nikipita kando ya soko kuu. Kila nipitapo hapo hutazama paa lile la Beda Amuli, mbunifu wetu wa miaka ya 1970, na miavuli yake ya zege iliyogeuzwa juu chini ili ipokee maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko, lakini wazo lile halikuungua: kwamba jengo la umma lijiulize mapema maji yatakwenda wapi.

Gerezani wana njia mbili za kunyanyua. Ya kwanza ni raba zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Ni rahisi, na siipendi. Springi iliyofungwa mdomo haiwezi kufanya kazi yake, na gari hurukaruka kama punda aliyeumwa na nyigu. Ya pili ni spesa: kipande cha alumini kilichokerezwa kwa mashine, kinachokaa juu ya shokapu, kati yake na bodi. Nilichagua spesa za sentimita 3, seti ya magurudumu manne, shilingi 120,000. Muuzaji alinishawishi nichukue za 5. Nilikataa, na sababu nitaieleza.

Kazi tuliifanya nyumbani, uani, mahali ambapo ukuta ulibomolewa zamani ili gari liingie. Fundi alikuja na kijana wake na jeki mbili. Ubishi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya matofali. Yeye alitaka kulikalisha gari juu ya tofali za saruji kama ilivyo desturi. Mimi nilikuwa nimeazima stendi za chuma.

“Dokta, tofali hizi nimefanyia kazi miaka kumi na tano,” akasema.

“Nami sina shaka na miaka yako, fundi. Nina shaka na aliyezifyatua.”

Akacheka, stendi zikawekwa. Tofali la saruji haliinami kwanza likakuonya. Hupasuka kwa ghafla, na aliye chini ya gari ni kijana wa miaka kumi na tisa.

Nati za magurudumu hulegezwa kabla gari halijainuliwa. Gurudumu likishatoka, hufunguliwa linki ya stabilaiza, kisha kishikizo cha mpira wa breki na waya wa kihisio, kisha bolti mbili kubwa zinazoishika shokapu kwa chini. Mwisho kabisa, mkono mmoja ukiwa umeishikilia shokapu, hufunguliwa nati tatu za juu. Katikati ya nati hizo tatu ipo ya nne, na hiyo haiguswi. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, nayo ikiachiwa inaweza kumuua mtu. Fundi alimwonyesha kijana kwa kidole, mara mbili, bila kusema neno. Huo ni ufundishaji ambao vyuo vikuu tumeusahau.

Spesa huvaa juu ya shokapu, bolti zake mpya hupenya matundu yaleyale ya bodi, na kila kitu hurudishwa kwa mpangilio wa kinyume. Upande wa nyuma ulitugharimu muda zaidi, kwani nati za juu zimejificha ndani ya gari. Tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza adhuhuri imepita. Ufundi ulikuwa shilingi 70,000, na alaimenti kesho yake 30,000. Alaimenti si anasa: gari likiinuka, magurudumu hubadili pembe na tairi huanza kulika upande mmoja. Taa nazo zilishushwa, ama sivyo ningewapofusha wanaokuja mbele yangu.

Kwa nini si sentimita 5? Kwa sababu eksili za mbele za gari hili hufanya kazi kwa pembe maalumu, na kadiri unavyoinua ndivyo viungio vyake vinavyopinda na kuchakaa. Gari refu pia huegemea zaidi katika kona, na bampa yake hukutana na gari dogo mahali pa mlango badala ya mahali pa bampa. Anayelipia kimo changu, siku ya ajali, ni mwingine.

Tena sentimita 3 hazimvushi mtu Jangwani. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 30, yanatosha kuelea na gari dogo. Kina cha 60 hubeba magari mengi, hata haya marefu. Nililonunua ni nafuu ya mashimo na madimbwi, ingawa wengi tunaolinunua huamini tumenunua safina.

Shangazi yangu anaishi Kigogo, katika nyumba inayotazama barabara. Kizingiti cha mlango wake kimeinuliwa kwa tofali mara mbili, na wageni huvuka kwa kuinua goti. Nilikuwa barazani kwake jioni moja ya mvua, maji yakiwa yamefika chini kidogo ya kizingiti na kutulia. Likapita gari refu kwa mwendo wa mtu mwenye haraka. Wimbi lilipanda baraza, likavuka kizingiti, likaingia hadi kwenye mkeka.

“Mwanangu,” akasema huku akikunja mkeka, “maji ya Mungu hupanda taratibu, unapata muda wa kuhamisha unga. Maji ya magari hayapigi hodi.”

Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha 1970, alianzia kwenye reli ya Nigeria: wateja waliokuwa na uwezo wa kulalamika walihamia kwenye malori, na reli ikabaki mbovu bila wa kuisemea. Nimelifundisha jambo hilo kwa miaka mingi nikitaja shule binafsi na hospitali binafsi. Sasa naongeza spesa. Dereva wa gari la chini hulazimika kuuliza mtaro umezibwa na nani. Akishanyanyua, swali hubaki kwa shangazi.

Nalo ni swali gumu. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA tangu 2017, taka zilizomo mtaroni ni kazi ya halmashauri, majitaka ni ya DAWASA, na mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mtumishi wa umma anayesoma haya anajua kwamba tone moja huvuka mipaka yote hiyo kabla ya kufika baharini. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, umekusudia kulishughulikia bonde kama kitu kimoja, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Nautakia heri. Lakini hautazibua mtaro wa mbele ya nyumba yangu.

Huo ulikuwa ajenda ya nne katika mkutano wa mtaa wetu wa mwisho. Tulihudhuria watu kumi na saba, wengi wao akina mama na wazee. Wenye magari tulikuwa wawili. Ilikubaliwa kila nyumba itoe shilingi 5,000 za vibarua wa kuzibua. Nilipiga hesabu kwenye pambizo la daftari: gharama yangu ya kunyanyua ni mchango wa nyumba 44, ambazo ni zaidi ya nyumba zote zinazoutumia mtaro ule. Mkutano ulipofungwa, yule mwenye gari mwenzangu alinifuata nje, akalitazama gari langu kuanzia matairi hadi paa, akaniomba namba ya fundi.